Udongo Mbichi wa Juu ya Chemchemi

Ngezi, Bunia
Ijumaa, saa kumi alasiri

Wivine, mama yangu,

Wewe na mama yako mmeondoka sasa hivi kwenda Shari kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatawaachia kabla hajawalisha mara mbili na kuwaombea mara tatu. Basi nina muda. Nimekaa kwenye meza ya kulia, nimesogeza pembeni sanduku lako na ule mfuko wa sombe, majani ya mhogo yaliyokaushwa, ambao mama yako anaamini watu wa forodha wa Entebbe watautazama na kutabasamu. Ndege yako ni kesho asubuhi. Hii ndiyo jioni ya mwisho ya wewe kuwa mtoto wa nyumba hii. Kuanzia kesho utakuwa mgeni wetu, anayekuja na kuondoka, na nakiri kwamba jambo hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Mambo ya kila siku siandiki. Kula, kufua, kufunga mlango, wanaume: mama yako amekuhubiria wiki nzima, nami nikiwa uani nilisikia yote, hata nikawaonea huruma wanaume wa huko kabla hawajakuona. Langu ni moja tu. Nimelizunguka kwa wiki mbili kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nitalisema, lakini univumilie nianzie mbali kidogo. Mimi ni fundi wa ujenzi, sijui kuanza na paa.

Nianze na Mama Echati, ambaye utakaa nyumbani kwake huko Komoro kwa kazi yako mpya. Uliponipa namba yake ulitaka nitulie roho, nijue kwamba binti yangu anakwenda kwa mtu wa kweli. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa kumsalimu, akajibu, nikajibu, na sasa imekuwa desturi: kila jioni baada ya sala yake ananitumia dakika tano, sita, kwa Kifaransa kilichonyooka cha mwalimu mstaafu, akichanganya na Kikomoro ambacho nikikisikiliza mara mbili nakuta humo maneno yetu wenyewe. Mwanzoni tulikuwa tunakuongelea wewe. Aliuliza unakula nini, unaamka saa ngapi, kama unakoroma. Nilimwambia ukweli. Baadaye akaanza kunieleza nchi yake. Nadhani mwalimu akistaafu haachi kufundisha, anabadilisha wanafunzi tu.

Ameniambia kisiwa chao hakina mto hata mmoja. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano yanainywa yote, kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi la saruji la kukinga maji ya paa, na mvua ikichelewa watu wanatazama mbingu, halafu wanatazama tangi la jirani. Mchele unatoka ng'ambo, vitunguu vinatoka ng'ambo, gesi ya kupikia inatoka ng'ambo, na meli ikichelewa bei inapanda hata kabla watu hawajajua kwamba imechelewa. Nilicheka peke yangu hapa ndani. Nikamjibu: mama, hata sisi wa Bunia ni watu wa kisiwa. Barabara ya Komanda ikifungwa kwa sababu ya bunduki, malori ya kutoka Kisangani yakilala Niania kwenye matope mpaka madereva wanayajua majina ya watoto wa pale, na mpaka wa Uganda nao ukifungwa kwa sababu wakubwa wamenuniana, sisi tunabaki na nini? Nchi kavu pande zote, na hakuna pa kupita. Alicheka mpaka akakohoa.

Tukanogewa. Yeye anasema kwao wakubwa hufika kijijini kabla ya kura na fulana na mchele, na baada ya kura hupita na vioo vya gari vimefungwa. Nikamwambia hata hiyo fulana naijua, ukiifua mara mbili sura ya mheshimiwa inatoka. Yeye anasema wanawake wanachuma alfajiri maua ya ilangilangi ya kutengenezea marashi, na bei inatajwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mti wenyewe. Nami nikamsimulia dhahabu yetu, jinsi inavyotoka ardhini kila siku na barabara inayopita juu yake haijawahi kuona lami. Umeme wao unakatika. Wetu, nikamwambia, ili ukatike lazima kwanza uje. Nakuambia, mwanangu, hakuna kitu kitamu kama kulalamikia serikali na mtu wa nchi nyingine. Kila mmoja anaondoka akiona kwake kuna nafuu kidogo, na hakuna anayeulizwa yeye mwenyewe amefanya nini.

Halafu, wiki mbili zilizopita, akanitumia ujumbe wa mchanga.

Huko kwao nyumba ni ya binti. Baba na wajomba wanamjengea, na akiolewa mume ndiye anayehamia. (Mama yako aliposikia hivyo alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.) Mama Echati alipokuwa na miaka kumi na miwili walianza kumjengea yake, na mchanga ulitoka ufukweni, ukibebwa kichwani. Aliubeba yeye mwenyewe, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, pamoja na wasichana wenzake, wakiimba. Nyumba zote za kijiji zilijengwa hivyo. Serikali ilikuja kukataza, lakini, anasema, hata aliyetumwa kukataza alikuwa na binti. Sasa ufuko ule haupo. Bahari inafika mpaka makaburini, na kaburi la mama yake mzazi limeanza kuliwa upande wa miguu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya darasani: "Ninaweza kukulalamikia serikali yetu mpaka kesho, Baba Wivine, na sitakuwa nimesema uongo. Lakini ule ufuko niliubeba mimi, kwa kichwa changu. Ndani yake ndimo ninamolala."

Sikumjibu jioni ile, wala iliyofuata. Akauliza kama nimeugua. Sikuwa mgonjwa, Wivine. Nilikuwa nimeona aibu, kwamba mwanamke ambaye hajawahi kuniona uso ameweza kuniambia lake, na mimi langu nimeshindwa kumwambia mtoto niliyemzaa.

Lenyewe ni hili.

Unajua nimekuwa shefu wa avenue yetu, mkuu wa mtaa huu, miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyenipigia kura. Shefu wa kartie, mwenye mitaa yote hii, aliona najua kusoma na sina kelele, akanipa daftari na muhuri. Mtu akinunua parseli, kiwanja cha kujenga, shefu wa avenue ndiye anayetia sahihi kwanza, kuthibitisha kwamba mahali pale panafaa kukaliwa, na wa juu yake wanaiamini sahihi hiyo kwa sababu wao hawashuki kuja kuangalia. Unaijua na desturi: mnunuzi huleta mbuzi. Tunasema si rushwa, ni heshima ya mahali. Wazee wa avenue wanakula pamoja, na kwa kula wanakuwa mashahidi.

Mbuzi wa ile parseli ya juu ya chemchemi yetu ulimla na wewe. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa chuo, ukausifia mchuzi.

Pale hapakufaa kukaliwa. Waliotutangulia waliacha mianzi na nyasi juu ya chemchemi kwa makusudi. Hakuna aliyelima, hakuna aliyejenga, na hawakuandika popote kwa nini, maana kila mtu alijua. Mimi pia nilijua. Ile chemchemi ndiyo iliyokulea. Ulipokuwa na miaka minne ulidai bido yako, dumu lako mwenyewe la kuchotea maji, tukakupa kale kadogo ka mafuta, ukawa unarudi umelowa mpaka miguuni, maji yamebaki nusu, na hiyo nusu ukimpa bibi yako anywe kwanza. Alikunywa yote, marehemu, hata kama hakuwa na kiu.

Lakini mnunuzi alikuwa mtu wa adabu. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniambia nyumba yake nitaijenga mimi, na vyumba vya kupangisha nyuma yake nitavijenga mimi. Mwaka ule kazi zilikuwa haba. Tena watu wengi walikuwa wamekimbia vita vijijini, wanalala makanisani na madarasani, nikajiambia kwamba na wao wanahitaji vyumba. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinifaa sana. Nikatia sahihi, nikajenga, na mwisho tukachimba vyoo vitatu vya wapangaji.

Hapa ndipo nilipokuficha. Shimo la kwanza lilipofika kina cha mtu mmoja na nusu, mchimbaji alinipandishia ndoo ya udongo akasema, "Fundi, huku chini iko majimaji." Niliuchukua mkononi. Nimeshika udongo miaka thelathini, Wivine. Ule haukulowa kwa mvua. Ulikuwa mbichi wa ndani, baridi, udongo wa mshipa wa maji unaotembea. Na ungetembea kwenda wapi kama si chini, kwenye chemchemi? Nilisimama pale nikiuminya, sikumbuki kwa muda gani. Kisha nikamwambia, "Endelea."

Nilijua siku ile ile. Wewe umeamini miaka yote hii kwamba sikujua.

Baada ya miaka miwili watoto wakaanza kuharisha. Wewe ulikuwa umefika mwaka wa tatu. Ulichota maji ya chemchemi kwenye chupa, ukayapeleka maabara ya chuo, ukarudi na karatasi. Hukuniambia kwanza nyumbani, na kwa hilo nilikukasirikia muda mrefu. Sasa naona ulidhani baba yako ni mtu anayeweza kuambiwa ukweli popote. Ulingoja siku ya salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, watu wote wakiwepo na majembe yamelazwa chini, ukasimama katikati ukasema:

"Wapapa na wamama, siye wote tunakunywa maji ya vyoo. Iko mu karatasi hii. Vyoo ya kule juu inapashwa kufungwa."

Mwenye parseli alikuwepo, amesimama karibu na gari lake, ananitazama mimi wala hakutazami wewe. Nami nikakuambia mbele ya watu wote:

"Weye ni mutoto. Kaa chini. Tangu lini mutoto anafundisha avenue?"

Ukakaa. Uliikunja ile karatasi mara nne, polepole, ukaitia mfukoni. Na sikuishia hapo, maana watu walikuwa bado wananitazama. Nikasema chemchemi haina kosa, kosa ni la bido, wamama hawazioshi. Nikaamuru kila mama aoshe bido zake kwa majivu na mchanga kila asubuhi. Tena kwa kuwa wakubwa wa mji walikuwa wanakuja kutembelea kartie, nikaamuru chemchemi ipakwe chokaa. Tukapaka ukuta, ngazi, na mawe yote ya pembeni. Ilipendeza. Mkubwa mmoja alipiga picha mbele yake akanishika mkono, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Jirani yetu Mama Kahindo, huyu aliyetoka Butembo na anauza maharagwe sokoni, ndiye aliyeumia kuliko wote. Unakumbuka mtoto wake Moise alilazwa wiki tatu. Kuna jambo ambalo hulijui. Siku alipotoka hospitali naye mgongoni, mtoto amekuwa mwepesi kama kitambaa, alipita hapa kwetu. Wewe ulikuwa chuoni. Alisimama mlangoni, viganja vyake vimepasuka kwa majivu, akaniambia, "Shefu, utanisamehe. Pengine sikuosha bido muzuri."

Nami nikamsamehe. Nilimwambia, "Haina shida, mama. Siku ingine uangalie." Mtoto wake alikuwa karibu kufa kwa sababu ya neno langu, yeye ndiye aliyekuja kuomba msamaha, nami nikaupokea kama ninavyopokea mbuzi.

Tunapenda kusema serikali iko Kinshasa. Tukikaa na chupa zetu jioni tunaitukana Kinshasa mpaka tunasikia njaa, na mengi tunayosema ni kweli. Lakini siku ile ya ndoo hakuna mtu wa Kinshasa aliyenipigia simu kuniambia niseme "Endelea." Kwa avenue yetu serikali nilikuwa mimi, na daftari langu na muhuri wangu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi niliivuta mpaka kwenye vikombe vya watoto wa jirani. Kwa hiyo Mama Echati aliposema vile kuhusu ufuko wake, nilizima simu nikaenda kukaa uani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeitembea ukiwa pembeni yangu, ukinitetea. Jioni ya mkutano ule ulikuja kukaa karibu nami ukaniambia, "Papa, sina kasirani. Najua haukujua." Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikakuuliza kama umekula.

Na miezi michache iliyopita, walipokuhoji kwa simu kwa ajili ya kazi hii ya maji, wewe ulikuwa chumbani na mimi nilikuwa nje ya dirisha lako naziba ufa. Sikukusudia kusikiliza. Walikuuliza kwa nini umechagua maji. Ukasema kwa Kifaransa chako kizuri kwamba baba yako ni shefu wa avenue, ni mtu mwema, na aliruhusu vyoo juu ya chemchemi kwa sababu hakupata wa kumweleza. Wewe unataka kuwa mtu wa kuwaeleza watu kama baba yako. Upande wa pili wakakushukuru. Saruji ilinikaukia kwenye karai. Ulipoipata kazi nilifurahi kweli, uliona nilivyocheza hapa ndani mpaka mama yako akanikataza. Lakini tangu siku ile najua kwamba umeijenga kazi yako juu ya jambo ambalo halikuwa hivyo, na fundi anayejua kwamba chini hapashiki hawezi kumwacha mtoto wake apandishe ukuta.

Leo asubuhi, ulipokwenda kusukwa nywele, nilikwenda kwa Mama Kahindo. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: mbuzi, ndoo, udongo, neno lile. Hakuinua uso. Aliendelea kutoa vijiwe na kuvitupa pembeni, kimoja, kingine. Mwishowe akasema:

"Wivine anajua?"

"Bado, mama."

"Siku ile alisimama pekee yake. Sasa weye unaanzia kwangu juu ya nini? Enda umuambie mutoto wako. Siye tutaongea kisha."

Hakusema kama amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Moise alikuwa nje anasukuma tairi, mzima, mnene hata. Akanisalimia, "Jambo, papa shefu." Ningependa asingenisalimia.

Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya salongo, nitasimama mbele ya avenue niseme haya haya. Kabla ya hapo nitakuwa nimerudisha daftari na muhuri kwa shefu wa kartie, ili mtu asije akadhani natafuta kukilinda kiti. Nitamwomba mwenye parseli afunge vyoo vile, nami nitachimba vingine upande wa bondeni, chini ya chemchemi, kwa mikono yangu na kwa matofali yangu. Anaweza kukataa. Ana watu wanaomjua huko juu, na mimi nitakuwa fundi tu. Naogopa, mwanangu. Nisikufiche na hilo.

Ya kukushauri yamebaki machache, na hata hayo nayasema kwa haya. Unakwenda kupima maji ya watu wa kisiwa, na huko utawakuta akina mimi. Watakupokea vizuri sana, watakuita binti yao. Utawaonyesha karatasi nao watabisha, nawe utarudi kwa Mama Echati ukijilaumu kwamba hukueleza vizuri. Usijilaumu. Mara nyingi mtu anayebisha alielewa zamani, kabla yako. Wewe uliniletea michoro, ukanifafanulia vijidudu kwa subira kama mtoto wa darasa la kwanza, kumbe unamfafanulia mtu aliyeushika udongo wenyewe. Mtu wa namna hiyo hakosi maelezo, anakosa ujasiri, na ujasiri mtu hawezi kuletewa kwenye karatasi. Sijui unampaje. Labda ni kukaa karibu naye na kutoondoka. Mimi nilisaidiwa na mwalimu mmoja wa mbali aliyetangulia kusema la kwake.

Na wewe pia utakosea huko. Si kama mimi, utakosea kwa njia yako. Kosa langu halikuja na sura mbaya. Lilikuja limevaa shati lililopigwa pasi, likanisalimia kwa heshima, likaniulizia hali ya watoto. Likikujia la kwako, na ukashtuka umeshatia sahihi, usingoje miaka mitano. Nipigie. Hata kama ni jambo la kunitia aibu, nipigie. Sitauliza kwa nini ulifanya, maana najua mtu anavyofika hapo, hatua kwa hatua, akiwa na sababu nzuri kila hatua.

Nakupenda. Nimekuambia mara chache kuliko ilivyopaswa, kwa sababu baba yangu hakuniambia kabisa na nilidhani nimeshamzidi. Najivunia kwamba ulisimama. Nilijivunia hata siku ile, nikiwa nakuambia ukae, na hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya sombe, uikute huko, bahari ikiwa kati yetu na mimi sioni uso wako. Jana nilimwambia mama yako kila kitu, na mpango huo pia. Akasema, "Unataka mutoto alilie kwa watu, pekee yake? Umupatie akiwa kwake." Ana haki. Nilitaka kujificha tena, safari hii nyuma ya ndege.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia, na nitabaki hapa mezani unaposoma. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Ukitaka kunipigia kelele majirani wasikie, waache wasikie, watasikia mengi zaidi Jumamosi ya wiki ijayo. Na kama kesho uwanjani hutataka nikubebee sanduku, nitatembea nyuma yako mpaka mahali wanapoturudisha sisi tusiosafiri.

Pikipiki zimesimama nje. Unacheka jambo fulani na mama yako. Nimekisikia kicheko hicho miaka ishirini na minne, na sijui kama nitakisikia tena kabla hujaondoka. Naja kuwafungulia.

Baba yako